Hai, Ndoo

Mwalimu Livembe aliandika ubaoni: HAIDRO.
Akapiga chini yake mistari miwili,
wa pili ukavunja chaki.
"Ni Kiyunani. Maana yake maji.
Ukilikuta mwanzoni mwa neno, jua ndani mna unyevu,
kama nyuki wanavyozunguka mtungi."

Tukakariri darasa zima, midomo mikavu:
hai-dro.
Sisi tusioipata r tukasema haidolo.
Wengine wakachomeka irabu, haidiro,
maana ulimi wa kwetu hauvuki konsonanti mbili
bila kukanyaga jiwe katikati.
Mwalimu akagonga meza: "Di na ra zishikane! Msiweke mtu kati!"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikamsomea mama.
Alikuwa ndiyo kwanza amepanda kutoka bondeni,
kule chini ya Shimo la Mungu, safari ya pili,
ngata bado kichwani.
Nikasema: haidro.
"Hai ndoo?"
Akaitazama ndoo yake, robo imemwagika njiani.
"Hai, ndiyo. Imefika hai."

Haidrojeni: mzaa-maji.
Nikamweleza kwamba ukiichoma, maji huzaliwa.
Akaendelea kupepeta kunde.
"Kila mwaka tunachoma mashamba uwanda mzima.
Hayo maji huzaliwa kwa nani?"

Haidrolojia: elimu ya mienendo ya maji.
Alikuja bwana mmoja na gari na kamba yenye namba,
akaitumbukiza, akaandika, akaondoka.
"Mienendo ya maji naijua," mama akasema.
"Yanateremka. Anayepanda ni mimi."

Haidroliki alilipenda.
Nilimwonyesha jeki ya lori la korosho pale stendi,
kimiminika kidogo kilichobanwa kwenye mrija
kikinyanyua tani saba na utingo aliyesahaulika juu.
Siku nzima akalitamka vibaya, kwa raha,
aidoliki, aidoliki,
kama anamwita mtoto wa jirani aje ale.

Haidrofobia lilikuwa ukurasa wa arobaini na moja.
Hofu ya maji, kilisema kitabu;
jina la zamani la kichaa cha mbwa.
Tukaangua kicheko. Nani Newala ataogopa maji?
Huku mwizi akiingia, huacha redio akabeba dumu.

Msimu wa korosho, mbwa asiye na mwenyewe
alimng'ata Mkwachu, niliyekaa naye dawati moja,
kwenye kifundo cha mguu.
Kidonda kilipona.
Wiki ya sita nikamkuta barazani kwao,
shangazi yake akimpa maji kwenye kikombe cha bati,
na koo lake likajikunja lenyewe,
macho yakikiomba kikombe, mkono ukikisukuma.
Kiu na woga, mdomo mmoja.
Hakuna pale aliyelijua lile neno.
Mimi nililijua.
Nilijua hata linavyoandikwa.

Maji ya kumwoshea yalipandishwa na wanawake saba.
Mama alikuwa wa tatu kwenye mstari.
Siku hiyo hakumwaga hata tone,
na alipoitua ndoo hakusema lolote kuhusu uhai wake.

Sasa chaki ninayo mimi.
Bomba limefika; siku nyingine linatoa,
siku nyingine linakohoa tu, tunalisikiliza.
Naandika HAIDRO. Nasema Kiyunani, nasema maji.
Nyuma kabisa Sihaba Chikambo anasema haidolo.
Namwambia rudia.
Anarudia vilevile, kwa sauti zaidi.
"Vizuri," nasema.

Ukurasa wa arobaini na moja nausoma mwenyewe,
polepole,
na kati ya haidro na fobia naweka pumzi,
nafasi ya kutosha kikombe kimoja.