Pumzi Sita

Nyamizi alinishukuru saa nane usiku.
"Leo kalala, nesi. Sikia anavyokoroma."
Siku tatu Lugembe alikuwa akiuma shuka,
tangu jiwe la Mabatini
alilolipasua miaka kumi na tisa kuwa kokoto
lilipogeuka, likamlalia paja.

Nikasikiliza.
Mkoromo ule haukuwa wa mtu aliyeshiba usingizi.
Ulikuwa wa gunia linaloburutwa sakafuni,
linaburutwa, linakwama,
na anayeburuta amesahau alikuwa akilipeleka wapi.

Nikashika saa ya kifuani. Dakika nzima,
maana nusu dakika hudanganya.
Moja.
Dirishani, taa za Kirumba.
Mbili.
Tatu, nne. Kucha zake rangi ya ziwa kabla ya mvua.
Tano.
Hapo nikaionea aibu kalamu yangu
iliyoandika saa nne: amelala, hana maumivu.
Sita.

Mofini haivunji mlango.
Huyanong'oneza mapafu, pumzikeni,
nayo yakatii.

"Lugembe! Vuta pumzi! Vuta!"
Oksijeni. Naloksoni, kidogo kidogo mshipani.
Akarudi akitutukana kwa Kisukuma,
na sijawahi kusikia tusi tamu kama lile.

Ndani ya foronya, vidonge vya usingizi,
vinne vimekwisha, sita vimebaki.
Shemeji alivinunua Igogo bila cheti, kwa huruma.
Huruma yake na yetu
zilikutana tumboni mwa mtu mmoja.

Asubuhi Dokta Ng'wandu hakumfokea mtu.
Aliomba majibu ya figo, ambayo jana hakuyangoja,
akayasoma mara mbili,
akakata dozi kwa nusu,
akachoma ganzi kwenye neva ya paja,
panadoli ifuate saa, isingoje kilio.
Juu ya kitanda akabandika karatasi:
HESABU PUMZI KWANZA.

"Kwa hiyo mtamwacha aumie?"
"Hapana, mama. Ataumia kidogo. Lakini atakuwepo."

Nyamizi hana saa.
Nimemwonyesha: kiganja juu ya kifua,
macho kwenye mshale mwekundu wa saa ya ukutani.
Anahesabu kwa Kisukuma, midomo ikicheza.
Kumi na nne. Anaanza upya.

Usiku huu Lugembe kakoroma tena.
Hakunishukuru.
Alikuja peku hadi mezani kwangu, akauliza:
"Nesi, huu ni mkoromo upi?"