Sababu ya Safari

Nimeshuka mara mbili kabla ya Nyangezi
kufunga vitovu vya magurudumu ya mbele kwa mkono,
kushoto, kisha kulia, mpaka kitovu kilie ka,
kama alivyonionyesha baba,
yeye aliyeiendesha gari hii miaka kumi na tisa
ikibeba maganda ya kwinini toka Katana,
na hata siku moja
hakuiendesha bila mzigo.

Leo haina mzigo. Ina mimi,
na Nsimire, binti ya dada yangu, chupa ya chai mapajani,
na gurudumu la akiba, na jembe, na kamba,
na mkungu wa ndizi tuliouziwa Panzi
na mama aliyekataa kuamini kwamba hatuendi kuuza.

Huku kwetu Landkruza haiendi bure.
Ina bendera, ama ina bunduki,
ama ina mawe ndani ya viroba na mtu asiyesalimia.
Watoto wanachomoka migombani,
"Biskwi! Biskwi!"
wakisoma mlango kutafuta jina la shirika,
na mlango hauna kitu ila kutu.
Mmoja anasimama. "Ninyi ni wa nani?"
"Wa nyumbani," anamjibu Nsimire.
Anatukimbilia tena, safari hii bila kuomba.

Ngomo.
Barabara inaiacha ardhi, inajishikiza ukutani mwa mlima.
Tope jekundu, utelezi wa sabuni iliyosahauliwa majini.
Baba alisema: tope likague kwa mguu wako
kabla ya kulikabidhi gurudumu.
Navua viatu. Linafika kwenye shavu la mguu.
Chini kuna jiwe. Jiwe ni ahadi.
Gia ya chini, mguu mwepesi. Usibishane na mlima,
mwambie tu kwamba unapita.
Gari inanguruma kwa kifua, polepole,
polepole hata mama mwenye gunia la makala,
kamba ya mzigo imemkaza paji la uso,
anatupita.
"Panda, mama."
Anacheka bila kuinua kichwa:
"Nikizoea kiti, kesho shingo hii ataizoesha nani?"
Tunabaki na moshi wetu.

Juu kuna kizuizi: kamba, gogo, dawati la shule,
na Cirhuza, daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki.
"Jina. Utokako. Uendako. Sababu ya safari."
"Kuangalia."
"Kuangalia nini?"
"Barabara. Na yanayoonekana toka barabarani."
Anachungulia kiti cha nyuma, chini ya kiti, ndani ya chupa ya chai.
Anapandisha kidole ukurasani:
biashara, kilio, kilio, biashara, mgonjwa, harusi, biashara.
Kalamu inasita.
Anaandika: kuangalia. Anaupigia mstari kwa rula.

Hatua mia tano mbele, kona,
na dunia inamwagika.
Ruzizi chini kabisa, uzi uliomponyoka mshonaji,
bonde la manjano mpaka macho yachoke,
nchi tatu zimelala bega kwa bega
wala jicho haliwezi kukuambia moja inaishia wapi.
Nsimire amesahau kumimina chai.
Nazima injini. Ninachosikia kwanza
ni maji, sijui wapi, yakiteremka yasipoonekana.

Jioni tunarudi, kamba bado imetandwa.
"Mmeona?"
"Tumeona."
"Mimi nina miaka sita hapa," anasema,
"na hiyo kona sijaikata. Asubuhi napanda toka Nyangezi,
usiku nashuka Nyangezi. Kazi yangu ni kamba."
Nsimire ameshafungua mlango wa nyuma.

Cirhuza anamwachia kamba mtoto wa muuza mahindi,
anapiga hatua mbili, anarudi kuchukua daftari,
analipakata kama abiria.
Nageuza gari.

Pale kwenye kona hasemi kitu.
Amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini,
mpaka taa za kwanza zinawaka kule Kamanyola.
Kisha anafungua daftari, anatafuta mstari mtupu,
ananiuliza, "Mafuta ni bei gani siku hizi?"
na kabla sijajibu
anaandika jina lake.