Herufi ya Kuandika Mwangwi Usiporudi

Kila robo saa tunaiuliza mbingu swali lile lile.
Mlingoti hupiga filimbi isiyosikika,
toka megahezi moja hadi ishirini,
kama mtu apandaye ngazi gizani, akipapasa kila kidato.
Jibu halikawii: sehemu mbili za elfu za sekunde,
nalo limeshuka toka kilomita mia tatu juu,
kule ambako hewa imebaki jina tu,
jua limeichambua kama pamba, limeiacha na umeme.

Huja kama mstari kwenye skrini.
Hulala kidogo, kisha huinuka ghafla: pembe ya ng'ombe.
Ncha ya pembe ndiyo habari.
Zaidi ya hapo wimbi hutoboa, likaenda zake.

Baba yangu, Teodosio Yauri, alizisoma pembe hizo
miaka thelathini na mmoja, kwenye filamu,
chini ya kioo cha kukuzia, penseli sikioni,
shayiri ikikomaa nje ya dirisha.
Alinifunza namba kwanza, kisha adabu ya pengo.
"Hermelinda, kisanduku kitupu ni uongo.
Mwangwi usiporudi, andika herufi.
B, ikiwa anga limeumeza.
C, ikiwa kosa ni letu: fyuzi, waya, panya, usingizi."

Jumanne moja ya Machi, saa tano kasoro robo asubuhi,
skrini ilitoka nyeupe kama sahani iliyorambwa.
Niliwashuku viskacha, wale sungura wa mawe wenye mikia;
mwezi uliotangulia walitafuna kebo hadi kwenye shaba.
Nikatoka na mita ya umeme,
nikaufuata waya toka kibandani hadi mlingoti wa mwisho,
nikipiga magoti penye kila kiungio,
tope la Mantaro likinipanda viwikoni,
kondoo wa Porfiria wakinitazama kama mtu aliyepoteza hereni.
Waya mzima. Fyuzi nzima.
Lima wakapiga simu: hata wao.
Rubani mmoja juu ya bahari alikuwa akiita, haitikiwi.

Jua lilikuwa limepasuka mahali padogo usoni.
Dakika nane baadaye mwanga wake, ule usioonekana,
ulizama hadi tabaka la chini kabisa
ukaligeuza sifongo. Tulichotuma, kilinywewa.
Na juu yangu? Buluu. Hata wingu la kusingiziwa halikuwapo.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema mshindo uko upande gani.

Nikaandika B.
Masafa ya juu yalirudi kwanza, membamba, yakitetemeka.
Ya chini, yale ya karibu, yalichelewa hadi adhuhuri.

Jioni nilimkuta Baba kitini, uso ukutani.
Nikamuuliza kama amekula.
Nikamuuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi.
Nikaanza kuufuata waya:
kifaa cha sikio, betri yake, miwani, vidonge vya saa kumi,
ukali wangu wa jana juu ya shati lile.
Nilipiga magoti penye kila kiungio.

Daktari wa Huancayo ana jina refu la ugonjwa huu.
Mimi ninazo herufi mbili,
na usiku mwingi sijui niandike ipi.

Supu ilipoa. Nikaiwasha taa.
Pale plasta ilipopasuka, ufa umelala kidogo
kisha umeinuka ghafla kuelekea dari.
Kidole chake kilikuwa juu ya ufa,
kikitambaa polepole, kikisita, kikarudi nyuma nywele moja.
"Nane nukta mbili," akasema,
wazi, kama karani asiyetaka kurudia.

Nilikuwa nimeuliza kuhusu supu.
Nikatafuta penseli.