Vumbi la Goma

Kwetu Katindo vumbi ni jeusi:
limo sufuriani, limo shukani,
limo mgongoni mwa Kapiteni, paka wetu.
Nikasema ni mlima tu, umekohoa tena.

Kavugho hakujibu. Alilowesha kitambaa cheupe,
akamfuta paka kiunoni.
Punje zikayeyuka, nyekundu.
"Mlima hautoi damu, mama."

Basi tukachemsha mablanketi,
tukafagia nyufa za mbao hadi magoti yakalia,
usiku sahani ya maji ya sabuni chini ya taa;
asubuhi viroboto kumi na wanne wamezama.
Kapiteni, amechanwa, amenuna,
hatusemeshi.

Wiki ya tatu tunafuta tena.
Kitambaa kinabaki cheusi. Cheusi tu.
Sijawahi kulifurahia vumbi la mlima
namna hii.