Hasi Kumi na Nane

Dakta Nyevu aliingia darasani na chungwa,
chungwa moja la Kongowea, lenye doa ubavuni.
Akaliweka juu ya karatasi, akalizungushia kalamu:
"Hiki ndicho kivuli chake. Jua halioni zaidi ya hiki."
Akachora maduara mengine matatu, sawasawa na lile,
kisha akaanza kumenya.

Ganda alilipanga kipande kwa kipande
mpaka maduara manne yakajaa, bila pengo la kutajika.
Mwachiti wa nyuma akauliza nyama italiwa na nani.
"Ndiyo maana tunagawanya kwa nne," alisema,
"joto hupokewa na kivuli,
hugawiwa ganda zima, na upande uliolala umo."

Wati elfu moja mia tatu sitini na moja.
Gawanya. Toa sehemu tatu katika kumi
zinazorudishwa na mawingu, na theluji, na mchanga mweupe.
Kinachobaki lazima dunia ikilipe,
maana kila chenye joto hung'aa, hata ukuta, hata mimi,
kwa mwanga ambao macho hayakupewa.
Halijoto kwa kipeo cha nne.
Kikokotoo changu kimeng'oka kitufe cha saba;
kila saba naitafuta kwa sita na moja.
Nikafika wa mwisho, lakini nikafika:
hasi kumi na nane.

Shati limeninata mgongoni,
feni inakata hewa ileile vipande vilevile,
maji ya Tudor yamekupwa, tope linanuka hadi dirishani,
na mimi nacheka peke yangu,
kwa kuwa namba hiyo naijua.
Imebandikwa kwenye friza ya mama, Majengo,
anapogandishia ukwaju na ubuyu kwenye vifuko,
shilingi tano, watoto wakitoka madrasa.
Hasi kumi na nane, na picha ya theluji kando.
Kumbe dunia isiyo na hewa ya kuisetiri
ni friza ya mama,
na sisi sote ukwaju.

Wiki ya pili tukaingia kwenye gesi.
Naitrojeni na oksijeni joto huzipita
kama mtu asiyeitwa jina lake.
Lakini kabonidayoksaidi! Dakta akanyoosha mikono,
kichwa kaboni, ngumi mbili oksijeni,
akapiga viwiko juu, chini, juu, chini,
ndege mzito asiyeruka.
"Hii husikia. Joto likiigusa hucheza,
ikicheza hulitupa kila upande, na kwetu pia."
Mia nne ishirini na kitu katika milioni.
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule stima ikapotea toka magharibi.
Nikamkuta mama anaifunika friza
kwa blanketi zito la kijivu,
ambalo nyumbani kwetu hujifunika mgonjwa wa malaria tu.
"Mama, utaiyeyusha!"
Akanitazama, pini za kanga mdomoni, akazitoa moja moja.
"Huyui? Blanketi halina moto wake.
Lafunga ndia tu."

Ada ya muhula mzima, nikasema moyoni.

Saa saba usiku vifuko vilikuwa vimelegea.
Tulikunywa vitano, vingine tukamwaga,
mama akihesabu hasara kwa vidole gizani.
Nikaegemea ukuta wa mawe ya matumbawe:
ulikuwa moto bado, unang'aa kimyakimya,
unalipa deni la mchana.
"Zamani," mama akasema, "ukuta huu ukipoa kabla ya isha."

Sina kipimo cha zamani hiyo.
Nikatoa kipimajoto cha maabara, nilichokiazima bila kusema,
nikakiegemeza dirishani, nikangoja.
Kwa mwanga wa simu nikaandika
tarehe, saa, nyuzi ishirini na tisa,
nikapiga mstari chini
kwa ajili ya kesho.