Simba na Tembo

Jumamosi, bendera ikishashushwa,
kambi ya Vangu ilivua buti.
Buti zilibaki mlangoni, ndimi nje, kama mbwa waliochoka,
na magwanda yakaning'inia kwenye kamba
yakidondosha maji ya sabuni ya mche,
vyeo vikiwa vimechomolewa mabegani
na kuwekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kwa hiyo mgeni asingejua
yupi wa kupigiwa saluti.
Ajida Mwepu amejifunga kitenge cha mkewe, chenye picha za feni.
Kapolari Numbi, baba yangu,
jezi ya Lupopo, imetoboka kwapani.
Na yule askari mpya, Lokuli, kijana wa Ekwateri,
ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno manne
(maji, bukari, ndiyo, kesho),
yeye kaptula tu, na kovu.

Ubao ulikuwa kifuniko cha sanduku la risasi.
Miraba ilichorwa kwa rangi iliyobaki
walipopaka choo cha maofisa.
Kete ni vifuniko vya chupa:
Simba upande huu, Tembo upande ule.
Bia yenyewe waliinywa watu wengine.
Mshahara ulikuwa mwezi wa tatu haujafika;
vifuniko niliviokota mimi
nje ya baa za Kamalondo,
kimoja kimoja, nikavinyoosha kingo kwa jiwe.

Chini ya dirisha la ghala, mbabula ya Mama Kyalwe.
Michopo kwa mwenye hela, mfupa kwa mwenye deni.
Daftari lake liliijua kambi
kuliko karatasi za ofisini:
alijua nani anapelekwa kaskazini
kabla majina hayajabandikwa ukutani,
kwa sababu hao ndio waliokuja kulipa.

Usiku mmoja Lokuli alikula kete nne kwa mruko mmoja.
Pa, pa,
pa,
pa.
Ajida akautazama ubao kama mtu aliyeibiwa baiskeli.
Hata tarumbeta ya Sajini Mbayo,
ile ya maziko, ambayo Jumamosi ilijifanya ya rumba,
ikameza sauti yake.
Tukangoja cheo kirudi mabegani.
Ajida akajikuna kitambi.
"Mtoto huyu hana adabu," akasema. "Panga tena."
Tulicheka mpaka mlinzi wa getini
akapaza sauti kuuliza neno la siri.

Wakapanga tena. Na tena.
Mwezi ukapanda nyuma ya ule mlima mweusi wa taka za shaba,
baba akanituma lutuku ya franka mia mbili,
nikarudi nayo nikiwa nimeionja, nikakohoa, nikajulikana.
Na Lokuli akajifunza neno la tano: umekwisha.
Ulimi wake ulikataa ile sha. Alisema umekwisa,
akipiga kete mezani, umekwisa, Ajida, umekwisa!
Mpaka leo kwetu, sukari ikimalizika koponi,
hakuna anayesema vinginevyo.

Jumanne nilikuwa nasugua sufuria kwa Mama Kyalwe.
Akaja Lokuli, gwanda kavu, buti zimefungwa mpaka juu.
Akahesabu noti zilizochakaa:
mifupa sita, michopo miwili, sigara moja.
Mama Kyalwe hakunyoosha mkono.
Alifunga daftari, akalikalia.
"Kesho," akamwambia.
Neno hilo alilijua.
Akacheka kidogo, akaziacha noti chini ya mguu wa mbabula,
akatembea kuelekea kwenye malori
akiwa amefumba ngumi moja.

Jumamosi nikapanga ubao.
Simba walitimia.
Tembo walipungua mmoja.
Nikatafuta chini ya benchi, ndani ya majivu,
kwenye kopo la vyeo.
Ajida alikuwa ameshakaa, kitenge kimefungwa, anasubiri.
Sikumwambia kitu.
Nilivaa kandambili za mama nikaenda Kamalondo kuokota.