Glasi Mbili za Mawese

Baba yangu, Yasini Bitalio wa Simbo,
alikamua chikichi miaka thelathini na minne.
Mikono yake haikutakata, hata siku ya Idi;
kwenye mistari ya viganja ilibaki rangi ya tofali bichi la udongo mwekundu.
Kwa kusikia tu mlio wa parafujo alijua
kama pipa bado lina mafuta
au yamebaki makapi na mise.

Mwezi wa Rajabu akaanza kupungua.
Mkanda ukatobolewa tundu la pili, la tatu, la tano,
kwa msumari uleule.
Na alikuwa anakula! Nilimwona kwa macho yangu:
ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa mawese,
sahani akiifuta kwa kidole.
Siku moja akaniita nyuma ya nyumba,
mimi binti yake, mwalimu wa sayansi darasa la sita,
akaniuliza bila kunitazama:
"Haya mafuta yanayoelea chooni, si ndiyo yale ya jana?"

Ndiyo yale.
Yalimpita kama mgeni aliyebisha hodi nyumba nzima
asipate wa kumfungulia.

Maweni, daktari alichora nyuma ya kadi ya kliniki
kitu kama jani lililolala: kongosho.
Hapa, akasema, hutengenezwa vimeng'enya,
mafundi wasioonekana,
huyu wa wanga, huyu wa nyama, huyu wa mafuta.
Mafundi wapo, mlango wao umezibwa na uvimbe.
Baba akatikisa kichwa, fundi mbele ya fundi:
"Mtambo mzima, ila bomba limeziba."
Daktari akafunika kalamu yake.
"Mtambo nao, mzee."

Njiani sikumwambia lile jingine
nililolisoma usiku kwenye simu:
kwamba saratani nayo ina vimeng'enya vyake,
mikasi ya ukoo uleule katika mkono mwingine,
inakata kuta kati ya seli na seli,
inajichongea njia ya kwenda ini.
Miaka tisa naandika ubaoni:
*kumeng'enya ni kuvunja kikubwa kiwe kidogo ili mwili ufaidi.*
Hakuna mtoto aliyewahi kuninyoshea kidole
akauliza anayefaidi ni nani.

Vidonge vilikuja kwa basi kutoka Mwanza,
chupa moja, bei ya madebe sita.
Mfamasia, kijana mkweli kupita kiasi,
akasema vimetokana na kongosho la nguruwe.
Dada yangu Zubeda akaiachia chupa mezani kama kaa la moto.
Mjomba akataka tumsubiri shehe arudi kutoka Kasulu.
Baba akacheka hadi akakohoa:
"Maisha yangu yote namkimbia,
kumbe yeye ananitunzia akiba."
Kidonge akakimeza kimya.
Bismillahi akaiwekea dagaa.

Wiki saba hakikuelea kitu.
Wiki saba, na mkanda ukalegea tundu moja.
Moja tu.

Tulimzika Jumatatu, mvua ikinyesha upande wa ziwani peke yake.

Chupani vimebaki kumi na kimoja.
Zubeda anataka vitupwe. Nimeiba kimoja.
Glasi mbili, maji ya uvuguvugu, magadi kidogo,
kijiko kijiko cha mawese ya mwisho aliyoyakamua mwenyewe.
Moja nimeipasulia kidonge, nyingine sikuitia kitu,
kama ninavyowaambia watoto:
lazima iwepo ya kulinganishia.
Nimezilaza karibu na jiko, kwenye majivu yenye joto.

Asubuhi, katika ile isiyo na kitu,
mafuta yameelea, mekundu, mazima,
kama yalivyompita.
Ile nyingine imeingia ukungu, rangi ya chai ya maziwa.
Vimefanya kazi usiku kucha,
kwa bidii, bila kukosea,
na hakuna anayekula.